Paa la Karavani na Macho ya Mama

Watu wengi hudhani doa ni doa. Doa la zambarau lililoanguka jana linataka maji na sabuni, basi. Lakini lililopigwa na jua mwezi mzima, popo wakaongeza lao juu yake, kisha moshi wa jikoni ukatanda juu ya yote, hilo limeshahamia na mizigo yake. Mimi nilipambana na madoa ya namna hiyo miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya kwetu, katika kambi ya wajenzi wa barabara kati ya Malaba na Amukura. Mpaka leo nikiona paa jeupe hutazama pembeni.

Paa lilikuwa la karavani, nyumba ndogo ya alumini yenye magurudumu mawili, inayokokotwa na Landrova. Alikaa humo mhandisi wa barabara, Mzungu mrefu aliyelazimika kuinama kila alipoingia mlangoni. Mimi ndiye niliyeitunza: kufagia, kujaza maji, kuangalia magurudumu. Aliiegesha chini ya mzambarau kwa sababu alitaka kivuli. Nilimwambia mti ule una popo, akacheka. Mzungu akishapenda kivuli humwambii kitu.

Mvua za masika zilipoifunga kazi, mhandisi akaitwa Kisumu na kuambiwa airudishe karavani kwenye bohari ya serikali. Huko wangeikagua kila upande kabla ya kuipokea. Alipanda ngazi, akatazama paa, akashuka uso umemwiva. "Hii iko chafu kabisa," alisema. "Mimi napewa nyeupe, mimi narudisha nyeupe. Siku nne."

Safari hiyo ya Kisumu ndiyo niliyokuwa nikiitafuta, kwa sababu ya mama yangu.

Mama alikuwa mjane, mkulima wa pamba huko Amukura, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Kope zilikuwa zimegeukia ndani, zikawa zinamchoma kila anapopepesa. Kila wiki jirani yake alizing'oa kwa kibano, na kila wiki zilirudi ngumu kuliko zilivyotoka. Alitembea akikinga uso kwa kanga hata siku ya mawingu. Mtu wa mbali hakumwona tena. Wa karibu alimwona kama kivuli. Mganga wa zahanati alinieleza kwamba daktari wa macho angekuwa Kisumu kwa wiki mbili tu, kisha aende kwingine. Kazi yenyewe ni ndogo, alisema: anachana ukingo wa kope, anaugeuza nje, anashona. "Lakini mpeleke sasa. Usingoje."

Kumpeleka kwa gari gani? Mabasi yalikuwa yameacha kupita, barabara imegeuka uji. Gari lililoweza kufika lilikuwa Landrova ya mhandisi, yenye minyororo kwenye magurudumu. Nikamwendea nikiwa nimevua kofia. Nyuma ya gari palikuwa pamejaa vyombo vyake vya kupimia, na ndani ya karavani hakuna aliyeruhusiwa kupanda ikiwa safarini, maana kwenye tope ingeweza kupinduka. Kilibaki kiti kimoja, kando yake. Aliniambia waziwazi: paa likitakata, kiti ni cha mama. Lisipotakata, atakaa fundi wa rangi na mikebe yake, alipake huko Kisumu kabla ya ukaguzi. Sikuliona neno lake kuwa baya. Hata sasa silioni.

Nikamleta mama kambini, akakaa kibandani kwangu, nami nikaanza kazi.

Namna ya kuosha rangi nilifundishwa na Mwislamu mmoja mwenye lori pale Busia mjini, mzee aliyelipenda lori lake kuliko wakwe zake. "Usishindane na doa, kijana," aliniambia. "Wewe liloweshe tu. Liloweshe mpaka lichoke lenyewe." Basi niliamka alfajiri, bati likiwa bado baridi, kwa sababu sabuni ikikauka juani huacha doa la pili. Nilikwangua mche wa sabuni ndani ya maji ya vuguvugu. Nilitandaza magunia mabichi juu ya paa, nikayaacha mpaka kinyesi cha popo kilegee. Kisha nilifuta kwa pamba mbichi ya shamba la mama mwenyewe, iliyotolewa mbegu, nikizungusha mkono taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Penye kutu ya misumari nilikamua limau, nikasuuza upesi. Kila dawa niliijaribu kwanza pembeni, mahali pasipoonekana. Mikono ilininyauka, magoti yakafanya sugu, lakini weupe ulikuwa unarudi, na kila jioni nilimweleza mama tumefika wapi.

"Nusu," nilimwambia siku ya pili.

"Nusu ya wapi?"

"Ya upande wa mbele. Karibu na kiti chako."

Alicheka akijifuta machozi, yale yaliyomtoka mchana kutwa bila kulia.

Siku ya nne, ya mwisho, kilibaki kipande kimoja, juu ya mlango, ukubwa wa mkeka wa mtu mmoja. Hapo palikuwa na lami iliyoruka siku walipokuwa wakiichemsha karibu, imechanganyika na zambarau. Lami hulainishwa kwa mafuta ya kupikia, hufutwa kwa mafuta ya taa kidogo, halafu huoshwa papo hapo kabla rangi haijaumia. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha kambini. Nikamwambia mama naenda Malaba, nitarudi kabla ya saa saba.

Mafuta niliyapata mapema. Nilipokuwa narudi, nikapita kwenye boma la rafiki yangu, nikawakuta wamekizunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Waliniita. Nikasema nakaa kidogo tu. Nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa imeanza kunyunya, na nilijiona shujaa ambaye kazi yake imekwisha. Nilikaa mpaka saa kumi. Sina wa kumsingizia.

Huku nyuma mhandisi alipita mbele ya kibanda changu akauliza kwa sauti, "Kijana wapi? Paa bado!" Mama hakujua Kiswahili kingi, lakini hayo aliyaelewa. Alingoja. Akasikia watu wanafunga mahema, wanapakia majembe. Akaingiwa na hofu kwamba jua litatua kipande kile kikiwa hivyo hivyo. Basi akachota majivu ya jikoni, akachanganya na mchanga, akachukua gunzi la mahindi, akapapasa mpaka kwenye ngazi, akapanda. Wapishi walimwona wakadhani nimemtuma.

Kwetu mwanamke hupimwa kwa sufuria zake. Mama alijulikana kijiji kizima kwa kusugua sufuria hata ikang'aa chini kama juu, na tangu macho yalipoanza kufifia alikuwa akisugua kwa kiganja: palipokwaruza, alirudia, palipoteleza, aliacha. Juu ya paa lile alifanya vivyo hivyo. Lami ilikwaruza, akasugua. Zambarau ikakwaruza, akasugua. Rangi nayo ilipoanza kubanduka ikawa na kingo, na kingo zikakwaruza, akazifuata. Hakuacha mpaka kipande chote kikateleza.

Nilimkuta chini, ananawa mikono, uso unacheka. Sijamwona tena akicheka namna ile.

"Panda uguse," alisema.

Nilipanda. Kipande kizima juu ya mlango kilikuwa alumini tupu, inang'aa, na kukizunguka rangi imechanika. Hapakubaki hata chembe ya weupe.

Nina hasira, nilizaliwa nazo, na siku ile zilikuwa na pombe ndani. Nilishuka ngazi nikipiga kelele. Nilimwambia ameitoa rangi, amekisugua kiti chake mwenyewe kikatoka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Rangi? Si ilikuwa laini?" Nami nikasema, mbele ya wapishi, "Kipofu wewe! Huoni, kwa nini hukukaa ukatulia?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo kabla. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Mhandisi hakufoka. Alipanda, akatazama, akasema, "Pole sana," halafu akatuma mtu amwite fundi wa rangi. Nilimwomba, nikapiga magoti kwenye tope. Alitikisa kichwa akinionyesha kiti, kisha mikebe, kisha fundi, kama anayemfundisha mtoto hesabu. Asubuhi yake mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kifurushi mapajani. Sikumwambia avae na sikumwambia avue. Alikaa mlangoni mwa kibanda akisikiliza injini mpaka ikapotea upande wa Bungoma. Kisha akaingia ndani kubadili nguo.

Ilipita miezi mitatu kabla ya mabasi na daktari kurudi. Wakati huo mama alikuwa anashikwa mkono hata kwenda chooni. Tulifika Kisumu tukiwa tumefunikwa na vumbi, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari alikuwa mtu mpole. Alimwinua kidevu, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudia la kulia. Alizungumza nami kwa Kiingereza, ambacho nilikuwa nimekisoma misheni kwa miaka michache. Alisema kope zimelikwangua jicho mpaka kioo chake cha mbele kimekuwa kovu, yote mawili. Alisema atazigeuza ili maumivu yaishe, lakini kuona hapana. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, kwa nini sikumleta mara ile alipokuja mwanzoni mwa mvua. Wakati ule, alisema, angeliokoa moja bila shaka, na labda yote.

Mama alinivuta mkono wa shati. "Anasema nini?"

Nilitazama ukuta.

"Anasema hata tungekuja mara ile," nikamwambia, "ingekuwa vilevile tu. Yalikuwa yameshakwisha."

"Hata kwa ile gari?"

"Hata kwa ile gari, mama."

Nilidhani atalia, lakini alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akanitafuta uso kwa mkono mpaka akalipata shavu langu.

"Basi ile pombe haikuwa kosa," alisema. "Nilikusikia unanuka siku ile. Miezi yote hii nimekuwa naogopa utakuja kujilaumu."

Daktari aliuliza mama amesema nini. Nilimjibu kwamba anashukuru.