Dawa ya Kifua

Uongo wa kifua ulikuwa wa mama, lakini niliuzoea hadi ukawa wangu. Mdogo wangu alikuwa ameacha unga kwa methadone, dawa ya maji ambayo lazima uinywe kila siku mbele ya nesi, na mama hakutaka Kisarawe, kwetu, ijue kwamba mwanawe alikuwa teja. Akatangaza ana kifua kikuu. Uongo ulikaa vizuri, maana dawa za kifua nazo hunywewa kila siku, na mwili wake ulikuwa mwembamba wa kuaminika.

Aliishi kwangu Misugusugu. Asubuhi nilimpitisha kliniki kabla ya kwenda ofisini, kwa sababu sikumwamini, na nilimwambia hivyo bila haya. Ukishakunywa, nesi anakutaka uongee, ajue hujaibana dawa mdomoni. Wengine walisema asante. Yeye alisema, "Shikamoo, mama mkwe," na nesi mwenyewe alikuwa mdogo kuliko mimi. Foleni nzima inacheka, na mimi, Mungu anisamehe, naangalia saa.

Kesi iliyomkuta ilitoka nyuma, enzi za unga. Aliiba pampu ya kisima cha msikiti wa kwetu, na siku alipokwenda kumsalimia mama wakamkamata. Mahakama ya mwanzo, mama alikaa benchi la mbele pamoja na wazee wa msikiti, mtandio umemziba mdomo. Dhamana ilikuwa wazi, ila barua yangu ya udhamini haikuwa tayari; mwenyekiti wa mtaa alikuwa msibani Dutumi. Hakimu akaamuru akae rumande hadi tarehe ya baada ya wiki mbili, kisha akamtazama mshtakiwa.

"Huyu anaonekana dhaifu. Ana ugonjwa wowote?"

Mdogo wangu alinitazama. Mama alinitazama.

"Kifua, mheshimiwa. Yuko kwenye dawa."

Hakimu akaandika. Akasema dawa za kifua gerezani zipo.

Kesho yake barua ilipatikana, lakini hakimu alikuwa amesafiri kikazi, na karani akaniambia nisubiri tarehe. Jumamosi nilikwenda gerezani. Arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ilikuwa imemshika, anatetemeka, makamasi yanamtiririka, hata maji anayatapika. Walikuwa wamemtenga asiambukize wenzake. Aliwaambia ukweli, wakamjibu kwamba dada yake mwenyewe kasema ni kifua.

"Dada, nenda kaseme."

Nilimwambia avumilie. Mtu anatapika nyongo, mimi namwambia avumilie! Nilimwonea mama aibu kuliko nilivyomwonea yeye huruma, na hilo silipambi.

Siku ya tarehe alipata dhamana. Kliniki nesi alitueleza kwamba amekosa siku nyingi mno, hivyo hawezi kurudishiwa kipimo chake. Ataanza na kidogo na kupandishwa taratibu. Akanywa. Alipotakiwa aongee alisema asante. Usiku ule na uliofuata sikulala kwa kumsikia akigeuka kitandani. Siku ya tatu nilitoka kuoga nikakuta mlango wa mbele uko wazi.

Alikutwa amekufa kwenye pagale huko Pangani, si mbali na kwangu. Nesi aliniambia kwamba mwili ulikuwa umeshasahau unga; kiasi alichokizoea zamani ndicho kilichomuua. Tulimzika Kisarawe, na waombolezaji wakanipa pole ya kifua.

Nilipeleka cheti cha kifo mahakamani ili kesi ifungwe. Mama hakuja. Hakimu alinipa pole, akasema kifua ni ugonjwa mbaya.

"Hakuwa na kifua, mheshimiwa. Alikuwa anakunywa methadone. Nilikudanganya."

Alivua miwani. Akasema kama angejua, angeandika amri apelekwe kunywa dawa chini ya ulinzi, na kwamba amewahi kufanya hivyo kwa mshtakiwa mwingine. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akaita jalada linalofuata.

Nje, mzee wa msikiti aliyeshtaki alinifuata. Nilimwamkia. Aliitikia, akasimama kidogo akishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, habari ya unga tuliijua toka mwanzo. Kisarawe hii nani hajui? Tulinyamaza kumsitiri mama yako."

Benchi la mbele lote, siku ile, lilinisikia nikisema kifua, na lilikuwa linajua.