Kiapo cha Ulezi

Pale Sogea, Tunduma, ukimuulizia Anania Simfukwe watakujibu, yule mzee wa kanisa mwenye sauti? Ndiye huyo. Fundi baiskeli, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua liwake vipi. Akiomba, madereva wa malori walioko kwenye foleni ya mpakani wanaitikia amina bila kutaka.

Alikulia Momba, upande wa Chitete, katika nyumba ambayo ugali ulikuwa wa ulezi, na ulezi ukiisha, wa mtama. Mahindi yalikuwa ya kuchoma tu. Alipomwoa Yunisi, naye alikuja na mkono wake: ugali laini usio na hata buje moja, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Baba yake Anania alikuwa akisema, huyu mkwe hapiki, anabembeleza.

Lakini ulezi huohuo ndio waliopikia kimpumu, na hiyo pombe ndiyo iliyommaliza mzee. Walimwokota kwenye majaruba ya mpunga, uso umo majini. Kwa hiyo Anania alipookoka, wakiwa wameshahamia Tunduma, hakuona sababu ya kuchaguachagua. Alibeba ulezi wote uliokuwa ndani akaumwaga chooni. Hakuishia hapo. Jumapili alimsimamisha mkewe mbele ya kanisa, wakaapa wote wawili kwamba ulezi hautaingia tena vinywani mwao, uwe wa kunywa au wa kula. Watu wakapiga makofi. Yunisi aliapa akitazama sakafu.

Njiani kurudi alimuuliza, "Na ugali nao umefanya kosa gani, Baba Lusubilo?"

"Kitu ni kilekile, mama. Shetani hachagui sufuria."

Tangu hapo ikawa sembe, iliyokobolewa mpaka ikang'aa. Asubuhi chai ya sukari ya kutosha na maandazi, mchana sembe, jioni sembe. Anania alijiona ameendelea. Mji ndivyo unavyokula.

Miaka ikaenda. Yunisi akaanza kuamka amechoka, anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Akasema ni uzee. Anania akasema tuombe. Wakaomba, na walipofika hospitali jicho la kushoto lilikuwa limeshazima kwa kisukari. La kulia lilikuwa linaona bado, ila kwa ukungu.

Nesi aliyewapokea, Tupokigwe, binti wa Ileje, hakuzunguka. "Dawa usiache hata siku moja, mama. Sukari kwenye chai basi. Sembe nyeupe punguza. Tumia dona au ulezi, mboga ziwe nyingi."

"Kumbe ulezi ni dawa?" Anania akauliza.

"Sijasema dawa, baba. Bibi zetu walikula ulezi na walishinda shambani. Huo nao mkiula mlima, sukari inapanda. Tonge dogo. Tunalilinda jicho lililobaki, mmenielewa?"

Walijaribu dona. Yunisi alidonoa akasukuma sahani, akasema linamvimbisha tumbo. Akawa anameza dawa bila kula, mchana anatetemeka, halafu anaomba chai ya sukari apate nguvu. Ndipo Anania alipomwambia, kwa sauti ndogo ambayo watu hawaijui, "Nikutafutie ulezi?"

"Niliapa," Yunisi akasema. "Na aliyeniapisha ni wewe."

Anania akadhani mkewe akiuona mezani atalegea. Hakujua nani anauza ulezi, maana kwa miaka yote hiyo alikuwa akiupita kama haupo. Aliyemjua ni mmoja tu, Judith, mwenye kilabu huko Chapwa. Akaenda mchana kweupe. Wanywaji walipomwona, mmoja alificha kopo nyuma ya mguu.

"Mzee wa kanisa," Judith akasema, "umepotea, au umerudi nyumbani?"

"Nataka unga wa ulezi."

"Wa kupikia?"

"Wa kupikia, ndiyo."

Judith akamtazama sana, akampimia. Nyuma yake wanywaji wakaangua kicheko, naye akadhani wanamcheka suruali.

Nyumbani aliingia jikoni kupika mwenyewe. Yunisi alikaa barazani kwenye mkeka. Anania akamwaga unga kwenye maji yanayochemka, ukashika vizuri, akafurahi. Akageuka kutafuta kitambaa. Kurudi, ugali umekuwa uji. Akaongeza unga, ukashika, ukayeyuka tena. Harufu ikaanza kutoka, tamu, ya mbali, na mwili wake ukaijua kabla yeye hajaijua. Ndiyo harufu aliyokuwa nayo baba yake kwenye nguo.

"Baba Lusubilo," Yunisi akaita. "Hicho ni kimea, ulezi wa kuoteshwa."

Anania akasimama na mwiko unachuruzika.

"Alikuuliza ni wa kupikia, ukasema ndiyo. Kwa Judith, kupika ni kupika pombe. Umefungua kilabu jikoni kwangu." Alicheka mpaka akajifuta macho yote mawili, lile zima na lile lililokufa. Halafu akaacha kucheka. "Sikatai chakula. Njaa ninaisikia. Lakini ulinifunga mbele za watu, hukunifunga jikoni. Kanifungue kulekule."

Anania hakula siku ile.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama. Watu wakajiandaa kwa ile sauti, haikuja. Ilibidi walioko nyuma wasogee.

"Ulezi sikuufukuza kwa ajili ya Mungu," akasema. "Niliufukuza kwa hasira niliyokuwa nayo kwa baba yangu. Mke wangu hakuwa na hasira hiyo, nikamvisha. Naomba afunguliwe. Angalau ale."

"Leo kimpumu ruksa," kijana mmoja akanong'ona, benchi zima likatikisika. Mchungaji Osward akasema, "Mama Lusubilo, uko huru. Kale."

Safari hii Anania alinunua punje sokoni Mpemba, akamwonyesha muuzaji kwa kidole kwamba ziwe kavu, hazijaoteshwa, akazipeleka mashineni zisagwe. Yunisi alisonga mwenyewe, uso karibu na mvuke, akisikiliza mwiko. Ugali ukatoka bila buje. Akauliza, "Rangi imekuwaje?"

"Kama ule wa Chitete."

"Ungenifungua miaka ile ningali nauona," akasema, bila ukali.

Akamega tonge dogo, kama nesi alivyosema. Mkono wake ukaenda kutafuta mboga upande wa kushoto, ukapapasa mkeka mtupu. Anania akalisogeza bakuli la mboga upande wa kulia, wa jicho linaloona, akalishikilia mpaka vidole vya mkewe vilipolifikia.