Meza ya Hakimu na Asili ya Vanishi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya arobaini, niliingia karakana ya samani pale Shimanzi nimevaa tai. Nilikuwa na haki. Mtaa wetu mzima wa Bondeni ni mimi peke yangu niliyekwenda Uingereza nikarudi na diploma ya useremala, tena bila mjomba wala tajiri wa kunishika mkono.

Mkuu wa Karakana, Mwingereza mpenda kamusi, akaniuliza mbele ya mafundi, "Vanishi ni nini?"

"Ni utomvu wa miti, kama sandarusi yetu, ulioyeyushwa ukapakwa juu ya ubao kuung'arisha na kuukinga. Jina lake, wasema wataalamu, huenda limetokana na Berenike, mji wa kale wa pwani ya Libya. Utomvu ukaitwa kwa jina la mji. Walatini wakalichukua, Wafaransa wakalipokea, Waingereza wakalirithi."

Akafurahi, akanipa meza iliyoagizwa na Hakimu niipake vanishi. "Yatakiwa kesho adhuhuri. Ikitoka vizuri, wewe ni msimamizi. Isipotoka, sina nafasi yako."

Nilifungua madirisha kama nilivyofunzwa, nikapaka vanishi iliyoyeyushwa kwa spiriti, tabaka juu ya tabaka. Nje masika yalikuwa yamepamba moto. Kufikia alasiri uso wa meza ulikuwa mweupe kama tui.

Fundi Shee, mkongwe wa karakana, akacheka. "Bwana Diploma, meza yako imeota mvi! Asili ya neno waijua, masika yetu huyajui. Spiriti ikikauka huupoza ubao, nao unyevu wa hewa hunaswa ndani."

Nilitaka kumkaripia. Nikaitazama meza. "Nisaidie, ami."

"Vua hiyo tai kwanza."

Asubuhi yake tulifunga madirisha, tukakausha chumba kwa seredani mbili za makaa, tukazitoa nje spiriti isije ikashika moto, ndipo akaupitishia uso wa meza kitambaa chenye spiriti kidogo. Weupe ukayeyuka. Ubao ukang'aa.

"Kazi safi," akasema Mkuu adhuhuri. "Umefanyaje?"

Ulimi ulitaka kujisifu. Nikasema, "Fundi Shee ndiye aliyeiokoa."

Akamtazama Fundi Shee. "Basi yeye ndiye msimamizi. Wewe utakuwa msaidizi wake."

Nilikaa chini yake miaka mitatu, na namshukuru Mungu kwa kila siku. Baadaye nilisimamia karakana Kisumu, kisha Nairobi, nikarudi Shimanzi nikiwa Mkuu. Sijivuni, ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kustaafu mafundi waliniuliza nilisomea wapi. Nikamtaja Fundi Shee kwanza, chuo baadaye.