Siku Tuliyokwenda Kumlilia Aliye Hai

Hapa Black Rock, mtaa wa Buffalo huku Marekani, kuna duka la vyakula la mtu wa Puerto Rico, na kila nikimsalimia kwa Kihispania huwageukia wateja wengine kuwauliza kama wamesikia. Anashangaa mama wa Kikongo, kitenge kiunoni na kitambaa kichwani, kuulizia maharage meusi kwa lugha yake. Namwambia ukweli kwamba sikukisoma popote. Nilikiokota Louisville, kwenye ghala la vifurushi, nikiwa nimesimama upande mmoja wa mkanda wa mizigo na mwanamke wa Kuba akiwa upande wa pili. Kabla sijahamia Buffalo, huyo ndiye aliyekuwa mtu wangu.

Siku za kwanza sikumpenda. Alikuwa na sauti kubwa na alinipokonya maboksi mepesi. Mimi nami si mtu wa kunyamaza. Tuligombana kwa lugha tatu, kila mmoja akichagua ile ambayo mwenzake haielewi, hadi msimamizi akatutenganisha. Wiki iliyofuata akaniletea kahawa katika kikombe kidogo kama cha kupimia dawa ya mtoto, nikajua ugomvi umekwisha.

Tukaanza utani. Baba yangu aliwahi kunisimulia kwamba wakati wa uasi wa miaka ya sitini, yeye akiwa kijana, Wakuba walivuka ziwa Tanganyika na bunduki zao, wakakaa kwenye milima yetu miezi michache, wakaugua malaria, wakaondoka. Nilipomweleza rafiki yangu hakuamini. Alikwenda kumuuliza mzee mmoja wa kwao, akarudi amekunja uso. "Kumbe kweli," akasema. Nikamwambia: mlikuja kwetu bila kupiga hodi, na sisi tumelazimika kuzunguka dunia nzima ili tuje kuwadai chakula cha wageni. Tangu siku hiyo kila mchana aliniwekea wali na maharage, akisema analipa deni la taifa.

Mwisho wa mwaka 2014 marais wawili, wa kwake na wa huku, walitangaza siku moja kwamba uhasama wa miaka mingi umekwisha. Kwenye chumba cha mapumziko Wakuba walikuwa wengi kuliko sisi wote. Vijana walishangilia. Wazee walikasirika, mmoja akarusha kofia yake sakafuni. Rafiki yangu alibaki anatafuna mkate. Nikampa mkono wa pongezi, maana kwetu amani ikitangazwa, hata kama huiamini, unapongeza.

"Unanipongeza nini?" akaniuliza. "Wakipatana hawa, sisi tutakuwa watu wa kawaida."

Akanieleza. Mkuba aliyefanikiwa kukanyaga ardhi ya Marekani aliruhusiwa kubaki, na baada ya mwaka mmoja na siku moja akaomba makaratasi ya ukaazi. Hakukaa kambini, hakuhojiwa mara kumi. Sheria hiyo ilizaliwa na ugomvi, na ugomvi ukifa, nayo itakufa. Kwetu tunasema vita vya panzi furaha ya kunguru, na hapo niliwajua kunguru. Nilimwonea wivu, na nikamwambia hivyo hivyo usoni. Mimi nilizeekea kambini Burundi nikisubiri jina langu libandikwe ubaoni. Wenzangu wengine waliishia Columbus, wengine kaburini, wengine bado wanasubiri. Yeye alipanda boti.

"Nilipanda boti," akasema, "na mwanangu nikamwacha kwa mama."

Huyo mwana ndiye aliyekuwa hoja yake kila siku. Alikuwa kijana mkubwa, amesomea ufundi wa umeme, anaishi na bibi yake Havana. Mama mtu alitaka aondoke upesi kabla mlango haujafungwa. Mwana hakutaka. Yeye aliliamini lile tangazo. Bendera ya Marekani ilipopandishwa ubalozini mwaka uliofuata alikuwa pale kwenye umati, akamtumia mama yake picha. Bibi alipewa kibali cha kupangisha chumba kwa watalii. Kijana naye akafungua kimeza cha kutengeneza simu mlangoni kwao. "Mama, usinivute," alimwambia. "Mambo yanafunguka. Wewe ndiye utakayerudi."

Nilikuwa upande wa kijana. Nilimwambia rafiki yangu: mtoto anayeipenda nchi yake usimnyang'anye, sisi wengine tungeitoa roho yetu kupata nchi ya kukaa. Akanitazama kwa hasira. Alisema mimi navijua vita lakini siijui njaa inayokuja na tabasamu. Sikumwelewa hadi mwaka 2016, rais wa huku alipokwenda kuwatembelea na watalii wakamiminika. Bibi akawa ananunua vitunguu kwa bei ya hoteli. Mayai yalipotea sokoni kwa sababu yalikuwa yanaliwa na wageni. Halafu mafuta kutoka Venezuela yakapungua, ofisi zikaambiwa zizime viyoyozi, na vipuri vya simu vikawa haviingii kabisa. Chumba cha bibi kilikuwa na wageni, lakini jikoni hapakuwa na kitu cha kuwapikia. Amani ilikuwa imefika kwenye mabango tu.

Kijana alikunja meza yake mwishoni mwa mwaka huo. Akapanda ndege hadi Guyana, kisha akaanza ule mzunguko mrefu wa Amerika ya Kusini, kwa basi, kwa mtumbwi, kwa miguu kwenye msitu wa Panama. Mama yake alikuwa haongei tena kazini. Alipanga maboksi huku simu ikiwa ndani ya soksi, maana ilikatazwa kuingia nayo.

Sheria ilifutwa Januari. Ilitangazwa mchana, na kuanzia dakika hiyo Mkuba akawa mtu kama mimi. Kijana alikuwa ameshafika kusini mwa Mexico, anangojea karatasi ya kupita. Rafiki yangu alisoma habari chooni, akatoka, akavua glovu zake, akazilaza juu ya mkanda zikaenda na mizigo. Kabla hajaondoka aliniambia mpango: kuna watu wanaovusha watu jangwani, mwanawe atawafuata. Ameshamwambia akubali. Nikamkumbusha kwamba watu wanafia huko. Akasema anajua.

Jumamosi nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya nikiwa na huzuni, nikawaambia akina mama wa kanisa letu yaliyompata rafiki yangu. Mama mkubwa wa kwaya, aliyezika wanawe wawili huko Kivu, alisimamisha wimbo.

"Bon," akasema. "Na amekuwa peke yake? Mutu hawezi kulia peke yake sawa vile hana batu. Tunaenda kumuikalia."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akifikwa na shida humpigii simu kumuuliza kama uje. Unakwenda, unaingia, unavua viatu, unakaa chini. Huongei. Unakaa mpaka mwenye shida aanze kusema mwenyewe, au mpaka mkubwa aanzishe wimbo. Sikuona kosa lolote, ndivyo nilivyolelewa. Tukaoka mikate, tukapika sombe, yaani kisamvu, na maharage, tukajipanga kwenye magari matatu.

Rafiki yangu alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia. Alichokiona ni mstari wa wanawake wenye vitambaa kichwani, sufuria zimefunikwa, viatu mkononi, miguu juu ya theluji, na hakuna anayesema neno. Nilikuwa wa nne kwenye mstari. Mama mkubwa akampita taratibu, akaenda kukaa sakafuni, akainamisha kichwa. Wa pili akafuata.

Rafiki yangu alinitafuta kwa macho. "Nani amekwambia?" akaniuliza. "Amekufa wapi?"

Sikuelewa swali. Nilipolielewa alikuwa ameshaanguka. Alilia kwa sauti ambayo niliisikia mara ya mwisho kambini. Akina mama wetu nao, kwa kuisikia, wakajua kuna kifo, wakaanza kulia pamoja naye. Nilipiga magoti nikimshika mabega, nikisema yuko hai, yuko hai, kwa kila lugha niliyokuwa nayo. Hakunisikia. Kwa nini watu wote hawa waje kimya kama hajafa?

Nikaichukua simu yake nikampigia mwanawe. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Hapo na mimi nikaogopa, kwa sababu sikuwa na hakika tena kwamba nasema kweli.

Kijana alipiga mwenyewe baadaye, kutoka stendi ya basi. Alikuwa amelala. Mama yake, tuliyekuwa tumemkalisha kitini, aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili, akimsikiliza akiuliza mama, mama, kuna nini. Niliwanong'oneza wenzangu kwamba mtoto yuko hai. Mama mmoja akacheka kwa aibu, akasema, "Donc chakula tutakula tu, si tulishapika." Akaanza kufunua sufuria.

Kijana alikuwa anaeleza habari za wale wavushaji. Wangeondoka kesho yake. Niliisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, sauti ya mtu aliyetiwa moyo. Rafiki yangu alimwacha amalize. Aliwatazama mama waliokaa sakafuni kwake, mmoja mmoja, na mama mkubwa ambaye hakuwa amenyanyua kichwa.

"Usiwafuate," akamwambia. "Nenda kajisalimishe kwa watu wa uhamiaji, wakurudishe. Rudi kwa bibi yako."

Kijana akabisha. Mama yake akamrudia maneno yale yale, polepole zaidi, kisha akakata simu. Akashuka kwenye kiti, akakaa chini katikati yetu, akajifunika uso kwa upindo wa kitenge changu. Miaka yote ile alikuwa anamngojea, na sasa alikuwa ameacha kumngojea.

Mama mkubwa akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sasa tunaweza kuimba. Nikamwambia tunaweza.