Lumbesa ya Jumapili

Mimi sina dogo, na kwenye mkutano wa kijiji pale Issuna siku ile mimi ndiye niliyesema kuliko wote. Niliwauliza wanaume wazima waliojaa kwenye mabenchi: mpaka lini tutauza vitunguu kwa lumbesa? Unajaza gunia mpaka mdomoni, dalali anashonea kipande cha gunia lingine juu yake, anashindilia mpaka gunia linavaa kofia, na bado anakulipa bei ya gunia moja. Nikasema tunaibiwa mchana kweupe huku tunachekacheka. Watu wakapiga makofi. Tukakubaliana kwamba, kwa kuwa wilaya imetuletea mizani, kuanzia sasa kitunguu kitauzwa kwa kilo, na asiyetaka kupima aende zake. Kwa vile mdomo wangu ndio uliotangulia, wakanipa mimi kazi ya kupima.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinitania njia nzima tukirudi. "Leo wifi umekuwa serikali," akasema. "Au nikuamkie shikamoo?" Nikamwambia anipishe huko. Lakini nilifurahi, sitaficha.

Dalali alikuja Jumatano na lori. Akaitazama mizani, akatutazama sisi, akasema yeye hanunui kwa kilo, kule kijiji cha Ihanja watu wanajaza bila maneno mengi. Akawasha gari, huyo akaenda. Sheria ya kukataza lumbesa ilikuwepo siku zote, hata redioni tuliisikia, ila barabarani hakukuwa na mtu wa kuisimamia. Alhamisi hakuja mnunuzi yeyote. Ijumaa manyunyu yakaanza, na vitunguu vyangu vilikuwa kwenye kibanda cha nyasi kinachovuja. Jumamosi nikavipekua, nikakuta vya chini vimeanza kulainika. Nililia pale pale nimechuchumaa. Miezi yote ile ya kumwagilia kwa ndoo, mgongo unaniuma mpaka nashindwa kuinuka, halafu vioze kwa sababu ya kimbelembele changu mwenyewe.

Nikampigia dalali simu.

Jumapili nilimwambia wifi kichwa kinaniuma, atangulie tu kanisani. Mume wangu alikuwa Manyoni kwa kazi zake, kwa hiyo nilibaki peke yangu. Lori lilipitia nyuma, njia ya ng'ombe. Wapakiaji wakajaza magunia manane, kila moja na kofia yake, na mimi mwenyewe, mpimaji wa kijiji, nikawashikia mdomo wa gunia wasimwage. Walipoondoka nikafagia maganda, nikarundika majani makavu kibandani na kuyafunika mkeka, ili anayepita aone mzigo bado upo.

Jumatatu nikafungua chumba cha mizani kama kawaida, nikakaa. Watu wakaja kuuliza tufanyeje, nikawajibu tusubiri, tusikubali kuyumbishwa. Nililisema hilo kwa macho makavu kabisa, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Wifi naye alisimama hapo akisikiliza. Alikuwa na magunia sita kwake. Turubai aliloziba nalo paa la nyumba yake alikuwa amelishusha akafunika vitunguu, na godoro lake lilikuwa likilowa ndani.

Jumanne habari ikafika: wilaya imepeleka watu wa vipimo kwenye kizuizi cha mazao, barabara kuu. Kila lori lenye lumbesa linashushwa mzigo, magunia yanapunguzwa, na mwenye mzigo anatozwa faini. Lori lililobeba vitunguu vyangu lilikwama hapo hapo pamoja na malori ya Ihanja. Kesho yake dalali yule yule akarudi kwetu, mpole kama mkwe, akiuliza mizani iko wapi. Sisi tulikuwa tumekaza wiki nzima hatukumtikisa hata kidogo, na watu watatu wenye kamba barabarani wakammaliza kwa asubuhi moja.

Foleni ikawa ndefu. Zamu ya wifi ilipofika, gunia lake la kwanza likapandishwa. Nikainama kusoma kilo, naye akainama kando yangu kana kwamba anahakikisha namba.

"Jumapili nilitoka ibada haijaisha, nikakuletea dawa ya kichwa," akaninong'oneza. "Nikaliona lori."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza kwa sauti ya chini mbona hakumwambia mtu, wakati alikuwa na haki ya kunianika mbele ya kijiji kizima.

"Ningesema, nani angesubiri mpaka leo?" akasema. "Wote wangempigia dalali simu, na mimi ningekuwa wa kwanza."

Nyuma yetu mama mmoja, ambaye magunia yake yalikuwa yakifuata, alidhani tunazungumzia bei. Akasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba kama si mimi kukaza uzi watu wangeshauza kwa lumbesa siku nyingi, na kwamba kijiji kinapaswa kunishukuru. Wengine wakaitikia.

"Kweli kabisa," akasema wifi bila kunitazama, akawaambia wapakiaji wapandishe gunia la pili.