Bei ya Kusafisha Jina la Katungu

Katungu, jirani yangu, hajui kunong'ona. Akinunua nyanya, soko zima linajua amelipa ngapi. Ndiyo maana ile miezi minane aliyojificha Lubunga, ng'ambo ya mto, akiuza pondu, majani ya muhogo, huku amefunika uso kwa kitambaa, inanichekesha na kuniuma mpaka leo.

Alikimbia Juni 2000, katika zile siku sita majeshi ya wageni yalipopigana ndani ya Kisangani. Bomu lilikisambaratisha kibanda chake pamoja na mifuko minne ya chumvi aliyokopeshwa na papa Isaïe, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, Kivu. Kwa matajiri hawa wa Kivu hakuna mkataba wala polisi. Ukikosa kulipa, jina lako linatajwa kwa wote, na hakuna atakayekukopesha hata sabuni. Katungu aliamini lake limeshatajwa. Bila mkopo hakuna biashara, na watoto wake wanne walikuwa wameacha shule.

René, dalali wa soko letu, akamkuta huko Lubunga. Mtu wa tai huyo, na mkoba usiofunguliwa.

"Mama Katungu, jina yako iko muchafu kabisa," alimwambia. "Lakini mimi minaweza kukusafishia kwa matajiri yote. Dolari makumi tatu tu."

Thelathini! Ndizo zote alizokuwa amekusanya kwa pondu. Mimi ningelia. Yeye alivuta kigoda akaketi.

"Bon. Makumi tatu, ni bei yote?"

"Ni ya kuanza. Kisha kumi kila mwezi."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka jina itakuwa safi."

"Na nikipata chumvi tena?"

René akakohoa. "Kwa kila mifuko tano, moja ni yangu."

"Na papa Isaïe akikatala, unanirudishia?"

"Ah, mama! Confiance! Uniamini tu!"

Katungu akapiga hesabu mchangani kwa kidole. Mwaka mmoja ungemla dolari mia na hamsini, mbali na hiyo mifuko. Deni lenyewe lilikuwa themanini.

"René," akasema, kwa sauti yake ile ya soko, "kwa bei hiyo, heri niende mwenyewe nitukanwe bure."

Kesho yake akapanda mtumbwi kurudi Kisangani, akavua kitambaa, akaingia depo la papa Isaïe kichwa juu. Mzee aliangusha kalamu. Akafanya ishara ya msalaba.

"Katungu? Ni weye? Tuliona kibanda yako, tukasema umekufa! Tulikuombea misa! René ndiye alichangisha sadaka!"

Basi hakuna aliyewahi kulitaja jina lake kwa ubaya. René alijua, na bado alitaka kumuuzia usafi. Nikikumbuka hilo, damu inanichemka.

Papa Isaïe, machozi yakimtoka, akafungua daftari amwonyeshe mstari uliokatwa.

"Deni yako nilifuta siku ile ya misa."

Mimi ningeshukuru nikatoka mbio. Katungu aliitazama ile kalamu sakafuni, akainama, akaiokota, akamrudishia mzee mkononi.

"Papa, kama mimi niko muzima, deni pia iko muzima. Andika tena. Na uongeze mifuko mbili ya leo."

Papa Isaïe akaandika.