Sponji ya Godoro la Wageni

Gitaa la besi la kanisa letu, nje kidogo ya mji wa Salama, lilikuwa na nyuzi zilizokufa, na hakuna aliyewahi kuziombea. Lilitufikia hivyo, zawadi kutoka kanisa kubwa kuliko letu, na makanisa makubwa hayatoi vitu vinavyolia vizuri. Ukipiga uzi mnene ulisikia gunia la ndengu likiangushwa sakafuni. Dum, basi. Hakuna kilichobaki hewani.

Baadaye nilijifunza kwa nini nyuzi hufa. Uzi wa besi ni waya uliozungushiwa waya mwingine mwembamba, na kati ya mizunguko hiyo mna vijia. Kila unapoushika unauachia kitu: jasho, mafuta ya vidole, ngozi kavu, na kwetu Ukambani vumbi jekundu, ambalo halingoji kualikwa. Vijia vikijaa, uzi huwa mzito na mvivu. Sauti za juu, zile zinazong'aa, ndizo hutangulia kuondoka. Ya chini hubaki.

Masikio ya shangazi yangu yalikuwa yakiondokewa kwa mpangilio uleule. Kwanza ndege, halafu simu, halafu soprano. Yeye ndiye anayeongoza kwaya, na nimeishi kwake tangu nilipotoka Kitui kutafuta mahali patulivu pa kuandikia riwaya, nikapapata kando ya barabara ya Mombasa. Hakuwa amemwambia mtu habari za masikio. Mimi, mpiga besi wake, nilijua kwa sababu kila Jumapili alivua viatu kabla ya kuongoza. Waumini walidhani ni unyenyekevu, na akina mama wawili wa alto wakaanza kuvua vyao. Lakini jukwaa letu ni la mbao, spika ya besi imekaa juu yake, na shangazi alikuwa akisikiliza kwa nyayo.

Alinieleza mara moja tu, tukipepeta ndengu.

"Hiyo besi yako ikinyamaza, na mimi nimenyamaza," alisema. Kisha akaniambia nisogeze ungo, namwaga.

Kwa hiyo nilipoamua kuzifufua nyuzi, nilikuwa nikimfikiria yeye. Niliona kwamba kama besi iliyokufa inamsaidia, iliyo hai itamsaidia zaidi. Nikampigia binamu yangu wa Kitui mjini, ambaye hupiga besi kwenye bendi ya watu wasioenda kanisani. Alicheka kwanza, nikamngoja amalize. Akaniambia nizichemshe kama mayai.

Nyumbani tuna maji ya aina mbili. Ya mvua, yaliyo kwenye tangi, ni ya chai na ya wageni. Ya kisima, yenye chumvi, ni ya kila kitu kingine. Nyuzi si wageni. Nikajaza maji ya kisima kwenye sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, nikazikunja nyuzi ndani, nikachochea moto. Uchafu wa waumini wote waliopata kulipiga gitaa lile ukatoka, maji yakawa rangi ya chai. Nikazipangusa kwa shuka kuukuu, nikazirudisha mahali pake.

Jumapili hiyo zililia. Siwezi kusema uongo, zililia vizuri sana. Kila noti iliruka kutoka kwenye spika, ikatanda chini ya mabati, ikakaa. Iliyofuata ikaikuta ya kwanza bado imekaa, ikakaa nayo. Mbao za jukwaa zikatetemeka bila kupumzika. Nilimwona shangazi akitazama miguu yake kama mtu aliye katikati ya mto, anayetafuta jiwe la kukanyaga. Mkono wake ukachelewa. Soprano wakamaliza ubeti, wanaume wakaumaliza baadaye, na amina ikafika kwa makundi.

Baada ya ibada tuliitwa nje na mzee wa kanisa anayetunza mali: viti, funguo, maikrofoni na mambo yanayofanana na hayo. Alisema wimbo umevunjwa na ile kelele, ambayo hata ng'ombe wake wangeijua kuwa ni ya baa. Jumapili ijayo angekaa mbele aisikilize mwenyewe. Ikiwa bado inanguruma, gitaa lingeingia stoo pamoja na viti vilivyovunjika, na kwaya ingeimba na kayamba.

"Mama, wewe umeongoza miaka hii yote bila shida," alimwambia shangazi. "Ni hiki chuma kinakuharibia."

Shangazi alitazama midomo ya mzee mpaka ikatulia. "Ndiyo, mzee," akasema.

Njiani aliniuliza mzee alikuwa amesema nini. Nikamweleza, na kwa kuwa malori yalikuwa yakipita, nikamweleza tena. Kayamba hazifiki miguuni. Karibu na lango alisimama.

"Mimi sikutaka sauti iwe kubwa," alisema. "Nilitaka ijue kuacha."

Nikaanza kujifunza kuacha. Unalaza ukingo wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi, pale zinapofungwa, na kupiga kwa kidole gumba. Vidole vya kushoto unavilegeza bila kuviondoa. Nilifaulu hadi ubeti wa tatu, kiganja kikachoka, na uzi ambao sikuugusa ukaanza kuimba wenyewe. Binamu akaniambia wavivu hutia sponji chini ya nyuzi. Sponji pekee nyumbani kwetu ilikuwa ndani ya godoro la wageni, ambalo hulaliwa na wahubiri wanaotoka Makindu. Shangazi alichukua kisu cha nyama, akakata kona.

"Mgeni halali kwenye kona," alisema.

Niliichomeka. Dum, basi.

Wakati huohuo chumvi ilikuwa kazini. Kufikia Ijumaa nyuzi zilikuwa zimeshika kutu na kukwaruza kama kamba ya mkonge, na mng'ao wote niliouchomea kuni umepotea. Binamu aliniuliza nilitumia maji gani. Nilipomjibu aliguna, vile mtu wa Kitui, mahali pa ukame, huguna akisikia habari za maji. Kisha akanitumia nyuzi mpya kwa basi. Zimo kabatini, hazijafunguliwa.

Jumapili mzee aliketi mbele, mikono kifuani. Shangazi alivua viatu, akavipanga sawasawa. Nikapiga noti ya kwanza na kuiona ikimfikia: vidole vyake vya miguu vilijikunja kidogo, vikalegea. Noti ikafa, pakawa na kimya cha mbao, ndipo ikaja ya pili. Aliinua mkono. Kwaya ikaingia pamoja, na mwishoni amina ikawa moja.

Mzee alipanda jukwaani kabla hatujashuka. Aliinama juu ya gitaa, akabonyeza sponji kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Ni godoro, mzee."

Akaibonyeza tena. "Liache hapohapo," akasema. Kisha akamgeukia shangazi, aliyekuwa akivaa viatu, akamwambia jambo refu kidogo. Shangazi aliinua uso alipokuwa akilimalizia.

"Ndiyo, mzee," akasema.

Njiani aliniuliza lilikuwa jambo gani. Nikamwambia mzee amesema kwaya haijawahi kusikilizana kama leo, na gitaa litabaki jukwaani.

"Basi nilimjibu vizuri," akasema shangazi.